Sauti, Picha na Mwanafunzi wa Mbali: Historia Fupi ya Ufundishaji wa Masafa, Pamoja na Kisa cha Bukavu

1. Utangulizi

Somo la video la moja kwa moja, yaani lile linalomwezesha mwalimu aliye mbali kuonekana, kusikika na kuulizwa maswali papo kwa papo, huzungumzwa mara nyingi kama jambo jipya kabisa lililozuka mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo lina mizizi mirefu zaidi katika Afrika ya Mashariki, na kwamba mizizi hiyo ina funzo kwa vyuo vya Bukavu, katika Kivu ya Kusini. Hoja ya msingi ni hii: katika kila awamu chombo kilibadilika, lakini swali lilibaki lile lile. Mwanafunzi asipoelewa, ni nani atakayemjibu, kwa lugha gani, na kwa gharama ya nani?

2. Awamu ya redio

Kabla ya picha kulikuwa na sauti. Mfano mashuhuri ni kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973 chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2 walishiriki. Tukitazama idadi hiyo peke yake, tunaweza kudhani kuwa ushindi ulikuwa wa redio. Sivyo. Wasikilizaji walipangwa katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Kipindi kilipokwisha, kitabu kilisomwa kwa sauti, wanakikundi walijadiliana, kisha waliamua la kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Redio ilisema mara moja tu, na haikuweza kuulizwa. Aliyeulizwa ni kiongozi wa kikundi, naye alijibu kwa Kiswahili, lugha ile ile ya kipindi na ya kitabu.

Utaratibu huo haukupotea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, hakikutegemea maandishi peke yake. Kilifungua vituo mikoani, ambako mwanafunzi wa mbali aliweza kukutana na mtu wa kumwelekeza. Waasisi wake walitambua kuwa masafa hayaondolewi na karatasi tu.

3. Awamu ya setilaiti

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa chuo kikuu cha Afrika kisicho na majengo yake, uliofahamika kwa kifupi kama AVU. Hapo ndipo picha ya mhadhiri wa ng'ambo ilipoingia kwa utaratibu maalumu katika kumbi za vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta nchini Kenya. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti. Picha ilisafiri upande mmoja tu: wanafunzi walimwona mhadhiri, lakini yeye hakuwaona. Maswali yalirudi kwa simu, faksi au barua pepe. Aidha, kati ya Washington na Nairobi pana tofauti ya saa 7 au 8 kulingana na majira, hivyo somo la asubuhi kwa mwalimu lilikuwa la jioni kwa mwanafunzi.

Yafaa kutambua kuwa mradi huo ulitatua tatizo la kuonekana bila kutatua lile la kujibiwa. Mhadhiri alitoa mifano ya nchi yake, na mwanafunzi aliyetatizika alimgeukia msimamizi wa ukumbi. Mwaka 2002 makao makuu yalihamishiwa Nairobi, na baadaye mradi ulielekea kwenye kozi zilizoandikwa na vyuo vya Afrika vyenyewe. Mabadiliko hayo yalikuwa ni kukiri, ingawa kimyakimya, kwamba picha safi haitoshi.

4. Bukavu, mji wa maprofesa wageni

Elimu ya juu Bukavu ilipanuka haraka katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mobutu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilianzishwa mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika kilifuata mwaka 1991. Kituo cha chuo kikuu cha serikali kilianza mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, nacho kilipata kujitegemea mwaka 2004 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Wanafunzi waliongezeka, lakini maprofesa wenye shahada ya udaktari hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Pengo lilizibwa na profesa mgeni: mtu aliyefika kwa ndege kutoka Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, akafundisha kozi nzima kwa siku chache, asubuhi na jioni, akatoa mtihani, kisha akarudi alikotoka.

Kati ya Bukavu na Kinshasa kuna takriban kilomita 1,500 kwa mstari wa moja kwa moja, na hakuna barabara ya kutegemewa inayoiunganisha miji hiyo miwili. Kwa hiyo chuo kilichomtegemea profesa mgeni kiliutegemea pia uwanja wa ndege wa Kavumu, na uwanja huo uliitegemea amani. Amani ilivunjika mara kwa mara. Bukavu ilitekwa Oktoba 1996. Vita vya pili, vilivyoanza Agosti 1998, viliigawa nchi hadi mwaka 2003, na katika miaka hiyo mji ulikuwa chini ya utawala usiotambua serikali ya Kinshasa. Juni 2004 ulitekwa tena kwa siku chache. Februari 2025 uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Safari za ndege za abiria zilikatika na mabenki yakafunga milango.

Historia hiyo ndiyo inayolipa somo la video uzito wake wa pekee Bukavu. Kwingineko ni njia ya kuokoa muda au nauli. Hapa laweza kuwa njia pekee ya kozi kukamilika, na ya mwanafunzi kutopoteza mwaka wake.

5. Mwaka 2020 na masharti ya chombo

Tarehe 18 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vyote nchini. Madarasa ya mwisho yalianza kufunguliwa tarehe 10 Agosti mwaka huo. Katika kipindi hicho majukwaa ya video kama Zoom na Google Meet yalijulikana mpaka kwa watu ambao hawakuwahi kuyatumia. Hata hivyo, kujua jina la chombo si kuweza kukitumia. Masharti matatu yanastahili kutajwa.

La kwanza ni gharama. Saa moja ya video hula mamia ya megabaiti, ilhali sauti peke yake hula makumi tu. Mwanafunzi anayenunua intaneti kidogo kidogo kwa simu yake hulipia kila dakika ya uso wa profesa. Mwezi Septemba 2020 serikali ilianza kutoza ada iliyojulikana kama RAM, iliyokatwa moja kwa moja kwenye salio la simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida, na dola 7 kwa simu yenye intaneti ya kasi. Simu inayofaa kwa somo la video ndiyo iliyotozwa zaidi. Baada ya malalamiko mengi ada hiyo ilifutwa mwaka 2022.

La pili ni umeme. Bukavu huupata hasa kutoka mto Ruzizi, kwenye bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa enzi ya ukoloni, na Ruzizi II ya mwaka 1989, ambalo umeme wake hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Umeme huo hautoshi, na mtaa usio na umeme hauna darasa.

La tatu ni mamlaka. Intaneti ilizimwa nchini kote tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, na haikurudishwa ila baada ya wiki tatu hivi. Darasa linaloweza kufungwa kwa amri moja kutoka mbali halina kuta za kulilinda.

6. Suala la lugha

Kwa mwanaisimu, jambo lenye uzito zaidi ni lugha. Muhadhara Bukavu hutolewa kwa Kifaransa. Maelezo ya pembeni, yale ya baada ya profesa kutoka, hufanywa kwa Kiswahili cha mji, kikichanganywa na Kifaransa. Anayesaidia hapo ni mhadhiri msaidizi, ambaye wanafunzi humwita asistenti. Yeye hurudia hoja, huendesha mazoezi, na hupokea maswali ambayo mwanafunzi aliona haya kumwuliza profesa. Kazi yake ni ile ya kiongozi wa kikundi wa mwaka 1973.

Somo la video likiletwa bila yeye, korido inapotea. Mwanafunzi hubaki na uso kwenye kioo kidogo na lugha rasmi peke yake. Kimya chake huchukuliwa kuwa ni kuelewa, kumbe pengine mtandao umekatika, au swali limekosa maneno ya Kifaransa. Hata istilahi zenyewe bado zinayumba: Tanzania husema mubashara au moja kwa moja, ilhali Bukavu hutumia zaidi neno la Kifaransa. Lugha isiyo na jina la darasa hilo itapata shida kudai nafasi ndani yake.

7. Hitimisho

Historia iliyopitiwa haimpi haki anayeikataa video, wala anayeiabudu. Kwa mji uliokatiwa njia mara nne katika miaka isiyotimia 30, kuikataa ni kumwacha mwanafunzi peke yake. Lakini redio ya 1973 ilifaulu kwa sababu ilikuwa na watu chini yake, na setilaiti ya 1997 ilisuasua ilipotegemea picha. Chuo kinachopanga masomo ya video hakina budi kupanga pia mambo matatu: asistenti aliye na muda na malipo ya kazi hiyo, njia ya sauti na maandishi kwa asiyemudu picha, na ruhusa iliyo wazi ya kuuliza kwa Kiswahili. Mafuta ya taa, wino na vocha ya simu vyote vimewahi kulipwa na mwanafunzi wa Bukavu ili asome. Asilipishwe tena kwa kutojibiwa.