Amboni: jambazi ni nani, gaidi ni nani?

Kilomita nane hivi kutoka Tanga mjini, ukishika barabara ya Horohoro, yapo mapango ya chokaa ambayo wenyeji hawaishiwi hadithi zake. Eti mbwa aliingia huku akatokea Mombasa. Hadithi iliyodumu zaidi ni ya Osale Otango. Miaka ya 1950, siku za Mau Mau kule Kenya, inasimuliwa kuwa yeye na mwenzake Paulo Hamisi walijificha humo, wakitoka usiku kuwavamia walowezi. Kwa mkoloni Osale alikuwa jambazi. Kwa wanyonge wa mashamba ya mkonge alikuwa mtu wao.

Februari 2015 jina hilo la jambazi lilirudi Amboni.

Kisa kilianzia mjini. Mwishoni mwa Januari askari polisi wawili walivamiwa usiku wakanyang'anywa bunduki. Msako ukaelekea Amboni, na katikati ya Februari polisi wakapokewa kwa risasi. Jeshi la Wananchi likaingia. Mwanajeshi mmoja akafa, askari kadhaa wakajeruhiwa, na vijiweni watu wakawa hawataji kingine ila Al-Shabaab. Paul Chagonja, kamishna wa polisi aliyesimamia operesheni wakati huo, akawaambia waandishi wa habari kwamba wale si magaidi, ni wahalifu tu.

Naielewa hofu ya serikali. Mpaka wa Kenya uko jirani, mwaka ulikuwa wa uchaguzi, na mtalii akisikia ugaidi hukata safari. Lakini jina lina uzito wake. Ukisema jambazi, maswali huishia kituo cha polisi: bunduki zimepatikana au bado? Ukisema gaidi, umeifungua Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, na wananchi watataka kujua nani aliwafundisha watu hao, fedha zilitoka wapi, na Usalama wa Taifa walikuwa wakitazama wapi.

Nayo matukio hayakuwa machache. Askari waliuawa na silaha kuporwa Ushirombo, Geita, Septemba 2014. Ikwiriri, Januari 2015. Kisha Stakishari, Dar es Salaam, Julai 2015, ambako walikufa watu saba, wanne wao askari. Kila mara yalitajwa majambazi. Majambazi gani hawa wanaoacha benki na kuvamia vituo vya polisi?

Usiku wa kuamkia Mei 31, 2016, zamu ikawa ya raia. Katika kitongoji cha Kibatini, huko huko upande wa Amboni, watu wanane waliuawa kwa kuchinjwa. Wiki mbili kabla, waumini watatu walikuwa wameuawa msikitini Mwanza.

Linganisha na jinsi umma ulivyoelezwa mkasa wa Agosti 7, 1998. Bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 11 Dar es Salaam. Wamarekani waliunda bodi chini ya Admirali William Crowe, na Januari 1999 ripoti yake ikatolewa hadharani, ikieleza jinsi balozi zao zilivyoachwa bila ulinzi wa kutosha. Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed alipopandishwa kizimbani New York mwaka 2001, ushahidi ulimwagwa mbele ya yeyote aliyetaka kusikiliza: nyumba ya kupanga Ilala, lori la Nissan, baruti aina ya TNT. Sisemi Marekani haina siri, Guantánamo ipo. Ila inauma kwamba mkasa uliotokea Dar es Salaam tumeusoma kutoka kumbukumbu za mahakama ya New York.

Nyumbani nako tunaweza tukitaka. Mwaka 2013 kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilisoma ripoti ya mateso ya Operesheni Tokomeza, ile ya kuwasaka majangili, Watanzania wakisikiliza, na mawaziri wanne wakapoteza viti vyao. Amboni na Kibatini hazikupata siku kama hiyo.

Miezi michache baada ya mauaji ya Kibatini, Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa hiyo leo mkazi wa kitongoji hicho anaweza kuandika barua kuomba ripoti ya usiku ule. Ofisi itakuwa na siku 30 za kumjibu, na kifungu cha 6 kinachoiruhusu kumnyima kwa sababu za usalama wa taifa.