Sauti ya Zalzal na vitufe vya tashkota

Masikio ya mtaa wa Shika Adabu, na ya Likoni nzima, yamelelewa na taarabu ya Mombasa. Ndani yake mna mvutano wa hesabu mbili, na moja ina umri wa zaidi ya miaka elfu.

Chukua uzi wa udi wa sentimita 54. Ubane zibaki 27: sauti ni ileile, ila imepanda oktava. Zikibaki 36 hutoka sauti ya tano, rafiki mkubwa wa ile ya kwanza. Mpiga udi wa Baghdad, Mansur Zalzal, katika karne ya 8, alibana penginepo, na baadaye mwanafalsafa al-Farabi akapaandika kwa namba: 27 kwa 22. Kwenye uzi wetu hubaki 44. Sauti za jamii hiyo ndizo zinazoipa maqamu (mpangilio wa sauti) ya Rasti ladha yake. Husimuliwa kuwa Sultan Barghash wa Zanzibar (1870–1888) alimtuma Mohamed bin Ibrahim aende Misri kujifunza ganuni, na maqamu yakapata mwalimu visiwani.

Kisha tashkota. Goro Morita aliibuni Nagoya, Japani, mwaka 1912: nyuzi chini ya vitufe kama vya taipureta. Mombasa iliipenda mno. Zuhura Swaleh aliimba ikimsindikiza. Lakini kitufe hakibembelezwi. Kinafuata mgawanyo wa hatua 12 zilizo sawa, uliotokana na kero ya zamani: ukipanda kwa sauti ya tano mara 12 unafika mara 129.75 ya kasi ya mtetemo wa mwanzo, ilhali oktava 7 huishia mara 128. Mwaka 1584 Zhu Zaiyu wa China alikokotoa dawa yake, yaani kuzidisha kila hatua kwa 1.0595 hivi. Ile ziada ikagawiwa hatua zote kama mchango wa harusi.

Kwa hesabu hiyo uzi wetu hubaki 45.4 au 42.9. Ile 44 haina kitufe.

Mpiga udi Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, aliweza kuifikia kwa kidole, maana shingo ya udi ni tupu. Mwimbaji Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alishika lahani za filamu za Kihindi, na kwa nyingi kati ya hizo vitufe vilitosha. Simlaumu; aliimba vizuri mno.

Vinanda vingi vya umeme vya leo hukubali kurekebishwa sauti mojamoja. Wapigaji wa Likoni, mkipiga Rasti, shusheni sauti ya tatu karibu nusu ya hatua moja kati ya zile 12.