Sura zimebaki, majina yamekwenda wapi?

Tukizungumuza juu ya mila, wengi wetu tunafikiri kwanza ngoma, mahari, matanga na majina ya ukoo. Picha hatuihesabu. Lakini hapa Lubumbashi, muji uliozaliwa mwaka wa 1910 pamoja na reli na shaba, picha nayo imekuwa mila. Katika nyumba nyingi za Kamalondo, Kenya ao Katuba utakuta picha moja ya nyeusi na nyeupe: babu amevaa koti, bibi ameketi kando, watoto wamesimama kama askari. Tunaiita ukumbusho. Basi tujiulize: picha ya namna hii ikiingia ndani ya muze, inakumbusha nini, na inasahau nini?

Tuanze na kazi yenyewe, kwani vijana wa leo wanajua picha ya telefone tu. Filimu ya zamani ilipakwa chumvi za feza. Mwangaza ukiigusa, kisha ikapita katika dawa ndani ya chumba cha giza, ile feza inageuka nyeusi. Palipokuwa na mwangaza mwingi panakuwa peusi, na kivuli kinakuwa cheupe: hiyo ndiyo negativu. Halafu mwangaza unapitishwa ndani yake mpaka kwenye karatasi, na mambo yanarudi sawasawa. Feza ni madini, haiishi upesi kama rangi. Ndiyo maana babu wa mwaka wa 1950 anaonekana vizuri, na picha ya rangi ya ndoa ya mwaka wa 1978 imekuwa nyekundu-nyekundu. Lakini picha isiyosafishwa vizuri kwa maji inageuka manjano, na filimu ikikaa sana katika joto na unyevu inaanza kunuka siki. Wakati wa mvua, ukungu unaweza kula sanduku zima.

Kwa hiyo feza inalinda sura. Jina hailindi.

Na apareyi ilikuwa mukononi mwa nani? Tangu 1898 mpaka 1900, afisa Mubelgiji Charles Lemaire alitembea Katanga na safari ya elimu. Pamoja naye alikuwa François Michel, mupiga picha, na Léon Dardenne, muchoraji. Kazi yao iko katika muze ya Tervuren, Ubelgiji. Kisha ikaja Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906. Nayo ilipiga picha za mali yake: tanuru, treni, kambi, watumikaji katika mustari. Mara nyingi chini ya picha utasoma mahali, mashini na jina la muzungu. Mutu mweusi ni «mutumikaji» tu, ao jina la kabila lake. Kampani ilimujua kwa matrikule. Hata leo kuna wazee wanaoweza kusahau tarehe ya kuzaliwa, lakini matrikule hawaisahau.

Wengine watasema: hata vitu vingine vya muze havina jina la mutu. Ni kweli. Tuchukue chungu cha Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako wenye elimu ya mambo ya kale walichimbua makaburi mwaka wa 1957. Nani atatuambia jina la mama aliyefinyanga chungu cha karibu miaka elfu moja? Hapo hatuna kosa. Lakini mutu aliyepigwa picha mwaka wa 1940 ana wajukuu hapa hapa mujini. Jina lake halijapotea. Haliko tu pamoja na picha.

Kazi ya kuviunganisha imekwisha kuanza. Tangu mwaka wa 2000, watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, waliwaomba wenyeji walete masimulizi na vitu vyao, katika mupango ulioitwa «Mémoires de Lubumbashi», na maonyesho yalifanyika ndani ya muze yetu. Mwaka wa 2006 Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka wa 1978, alifanya picha za «Mémoire»: aliwatoa watu wa nyeusi na nyeupe katika masanduku ya kampani, akawasimamisha ndani ya picha za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Mwaka wa 2011, pamoja na Patrick Mudekereza, alionyesha Tervuren kazi waliyoifanya juu ya vitu vya muze ile. Kuna wanaodhani kwamba kazi kama «Mémoire» inalilia wakati wa ukoloni. Sisi hatuoni hivyo. Tunaona wazee wanaorudi kazini kutuuliza mali ya jasho lao imekwenda wapi. Lakini hata pale wanatuuliza bila majina.

Na wakati unapita. Mwaka wa 2003 na 2004, watumikaji 10.655 waliondoka Gécamines kwa ile tuliyoiita «départ volontaire». Jamaa inapohama, ao nyumba inapouzwa, sanduku la picha linabaki nyuma. Na wale waliozaliwa katika kambi katika miaka ya 1930 wamebaki wachache.

Kwa hiyo sisi walimu tunapenda kuwapa wanafunzi kazi moja: keti na nyanya yako, umuonyeshe picha, uulize ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Atakujibu: «Uyu njo kaka ya baba, alikuwaka ku fonderi.» Andika maneno hayo nyuma ya picha kwa kreyo, polepole, si kwa biki, kwani wino unapenya. Usiibandike kwa kole. Itie katika bahasha ya karatasi, mbali na jua na maji. Kisha peleka kopi kwenye muze, pamoja na majina. Muze nayo iweke daftari karibu na picha, ili mugeni anayemutambua babu yake aandike.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu ni wazee. Tuwaulize sasa, wakingali wanajibu.