Askari na Mfungwa Wakiwa Njiani

Gereza lina kuta, lina mlango wa chuma, lina kufuli. Lakini siku mfungwa anapotolewa ili apelekwe mbele ya mahakimu, kuta zote hubaki nyuma. Njiani askari wenyewe ndio ukuta. Sisi wa Oicha twaijua barabara ya Taifa namba 4. Kutoka kwetu, kupita Mbau na Mavivi hata kufika mjini Beni, ni mwendo wa kilomita zipatazo 30, na watu wengi wameuawa katika barabara hiyo. Basi si neno dogo kuuliza: askari aliyekabidhiwa mfungwa afanyeje ili wafike salama wote wawili?

Jambo hili ni la zamani sana. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 21 hata ya 23. Paulo alipokamatwa Yerusalemu, umati ulitaka kumwua, na askari wa Roma walilazimika kumbeba juu juu ili kumwokoa. Kisha watu zaidi ya 40 waliapa kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamemwua. Walitaka aletwe tena barazani, wapate kumvizia njiani. Mtoto wa dada yake Paulo alisikia shauri hilo, akampasha habari mkuu wa kikosi.

Tazameni mkuu yule alivyotenda. Kwanza alimwonya kijana asimwambie mtu. Pili aliwaandaa askari 200 wa miguu, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, kwa ajili ya mfungwa mmoja tu. Tatu walisafiri usiku. Nne alimpa Paulo mnyama wa kupanda, asichoke wala kuwachelewesha wenzake. Tena aliandika barua ya kumkabidhi kwa liwali wa Kaisaria. Siri, idadi ya kutosha, saa iliyochaguliwa, chombo kizuri na karatasi ya makabidhiano: hata leo wakuu wa polisi hawana msingi mwingine.

Katika nchi yetu ya Kongo, zamani za ukoloni, njia ya kuwapeleka wafungwa ilikuwa mnyororo wa shingoni. Watu walifungwa mmoja nyuma ya mwingine, na askari mmoja mwenye bunduki aliweza kuongoza wengi. Kwa serikali ile ilikuwa njia rahisi. Lakini mmoja akianguka, huwavuta wenzake. Mmoja akiugua, wote husimama. Mnyororo ulimpunguzia askari kazi ya macho, ukamwongezea chuki ya watu katika kila kijiji alichopita.

Safari ya wafungwa iliyo mashuhuri kuliko zote katika historia yetu ni ile ya tarehe 17 Januari 1961. Patrice Lumumba, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa amefungwa katika kambi ya askari huko Thysville, mji uitwao sasa Mbanza-Ngungu. Siku chache kabla, askari wa kambi hiyo waliasi, na wakuu wakaogopa kwamba watamfungua. Wakamtoa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakawapeleka kwa ndege hata Elisabethville, yaani Lubumbashi. Waliowekwa kuwasindikiza walikuwa askari wenye kisasi nao. Wakawapiga humo ndani ya ndege kwa ukali mwingi hata ndege ikayumba angani. Rubani akawaonya kwamba wanahatarisha maisha ya wote, kisha yeye na wenzake wakajifungia mbele. Usiku ule ule wafungwa wote watatu waliuawa kwa risasi.

Hapo twaona kwamba adui wa askari njiani si lazima awe mfungwa, wala rafiki za mfungwa waliojificha porini. Pengine ni mkono wake mwenyewe. Ndege ile ingaliweza kuanguka na wapigaji na wapigwao pamoja. Nayo damu ile haikusahauliwa: mwaka 2001, yaani miaka 40 baadaye, tume ya bunge la Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule walikuwa na lawama mbele ya dhamiri.

Mataifa nayo yaliandika kanuni. Mwaka 1955, mkutano uliofanyika Geneva ulikubali kanuni juu ya wafungwa, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulizitengeneza upya na kuzipa jina la Nelson Mandela. Kanuni hizo zasema kwamba mfungwa anayehamishwa afichwe macho ya watu kadiri iwezekanavyo, alindwe na matusi, wala asisafirishwe katika gari lisilo na hewa au mwanga. Wengine hudhani huo ni upole kwa wahalifu. La! Mfungwa asiyeonekana hakusanyi umati, na mfungwa anayepumua vizuri halazimishi gari kusimama mahali pabaya.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 11 Juni 2017 gereza la Kangbayi mjini Beni lilishambuliwa. Wafungwa zaidi ya 900 walitoroka, na watu 11 walikufa, 8 kati yao wakiwa walinzi. Tarehe 20 Oktoba 2020 gereza hilo hilo lilivamiwa tena, wakatoroka zaidi ya 1,300. Mwezi wa Agosti 2022 ikawa zamu ya gereza la Kakwangura huko Butembo: wafungwa zaidi ya 800 walikwenda zao, na polisi wawili waliuawa. Ikiwa kuta za matofali zimeshindwa, je, gari moja barabarani?

Kwa hiyo askari ampekue mfungwa vizuri kabla ya kupanda, hata kama amepekuliwa na mwingine. Anayeketi karibu naye asiweke bunduki mahali mkono wa mfungwa unapofika. Saa na njia zibadilishwe, wala zisitangazwe. Gari lisisimame kwa ajili ya kununua ndizi wala kumchukua abiria. Tena pale inapowezekana, heri mahakimu waende kuhukumu karibu na watu, kama ilivyofanyika mara nyingi mashariki ya Kongo, kuliko kuwapitisha wafungwa katika njia ya hatari.

Nasi wakristu tunayo sehemu yetu. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, uchungu wetu ni mkubwa, na kuna watu waliouawa na umati kwa kushukiwa tu, bila hukumu. Gari la polisi likipita na mfungwa, tusilizuie, tusilirushie mawe, tusipeleke habari za njia yake huku na huku. Yule askari aliye ndani ni mtoto wa mtu, naye anangojewa nyumbani jioni. Na yule mwenye pingu, tukimwua njiani, hatatuambia kamwe ni nani aliyemtuma.