Mkimbizi Asiye na Shirika: Ushahidi wa Kitale na Bungoma

Katika mijadala ya wakimbizi Afrika Mashariki, dai moja limerudiwa hadi linakaribia kuwa imani: kwamba asasi zilizoanzishwa na kuongozwa na wakimbizi wenyewe ndizo njia fupi ya kufikia ajira, biashara na ustawi, na kwamba kinachozikwamisha ni fedha. Dai hili lina asili yake. Mei 2016 mjini Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa ya misaada waliahidi kuwa ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za dharura zingewafikia wadau wa nchini kwa njia iliyo fupi kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ukafika, ahadi ikabaki ahadi. Tangu hapo lawama zote zimeelekezwa kwenye mfereji: fungueni mfereji, tunaambiwa, na shamba litanyweshwa.

Kwamba fedha ni haba, sibishi. Ninachobisha ni mpangilio wa sababu na matokeo. Historia ya magharibi mwa Kenya, hasa ya nchi iliyo kati ya Kitale na Bungoma, inaonyesha kwamba mkimbizi alipokuwa na ruhusa ya kukaa alikotaka, cheti kilichotambulika, na mwajiri wa karibu asiyelazimika kusubiri idhini ya Nairobi, alibadilisha maisha ya wenyeji wake bila kuwa na shirika lolote. Vitu hivyo vitatu vilipoondolewa ndipo mashirika yalipoanza kuhitajika, na yalihitajika kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna mambo ambayo wataalamu wameshayamaliza, nami sitayarudia kwa urefu. Barbara Harrell-Bond, katika *Imposing Aid* ya 1986, alionyesha jinsi misaada ilivyowageuza Waganda waliokimbilia Sudan ya Kusini kuwa wapokeaji, ilhali wengi walikuwa wakijipanga wenyewe. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2016 kwamba kuwepo kwa wakimbizi kumeongeza pato la eneo la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3. Miaka miwili baadaye IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, lilitathmini matumizi ya kaya za Kakuma, kambi na mji pamoja, kuwa takriban dola milioni 56 kwa mwaka, na kuhesabu biashara zaidi ya 2,000. Anayesema leo kwamba mkimbizi ni mzigo mtupu wa kiuchumi hana budi kuanza kwa kuyajibu hayo.

Ugomvi wangu ni na kitabu kingine, tena kizuri. Kate Pincock, Alexander Betts na Evan Easton-Calabria, katika *The Global Governed?* ya 2020, walizitazama asasi za wakimbizi katika maeneo manne: Kampala, Nakivale, Nairobi na Kakuma. Waligundua kwamba asasi nyingi hufanya kazi pembeni ya mfumo rasmi, na kwamba chache zinazostawi huwa na viongozi waliojipatia mitandao yao ya nje na kuyapita mashirika makubwa pembeni. Hilo ni kweli. Ila tazama orodha ya maeneo: miji mikuu miwili na makazi mawili ya wakimbizi. Miji ya katikati haimo. Na mtafiti anayekwenda kutafuta asasi atakutana na wakimbizi wanaohitaji asasi. Wale ambao maisha yao yalikwenda bila asasi hawatamwandikia barua ya mwaliko. Hitimisho kwamba asasi ndiyo chombo cha mkimbizi kujiendesha linatokana, kwa sehemu kubwa, na mahali watafiti walipochagua kutazama.

Kitale ni mji wa katikati kwa maana zote. Barabara ya kwenda Kapenguria, Lodwar, Kakuma na Lokichoggio huanzia hapo kupanda kaskazini, na mahindi, maharagwe, viazi na kabichi vinavyouzwa Kakuma kwa kiasi kikubwa hupakiwa kwenye malori ya Trans Nzoia, kaunti ya mji huu. Familia nyingi za Sudan Kusini zimepanga nyumba mjini ili watoto wasome. Bungoma nayo imeegemea mpaka: Malaba upande mmoja, Lwakhakha upande mwingine, na kati yake ukoo mmoja wa Wabukusu na Wamasaba uliokatwa na mstari wa wakoloni. Hata hivyo hakuna kambi katika kaunti hizi mbili, na kwa mujibu wa sera iliyotawala tangu miaka ya 1990, mkimbizi aliyeandikishwa Kakuma akionekana Kitale bila kibali cha safari ana kesi ya kujibu. Hivyo tunao uchumi unaowaunganisha wakimbizi na mji, na sheria inayojifanya haiujui.

Sasa tuangalie wakati ambapo haikuwa hivyo.

Idi Amin alitwaa madaraka Uganda Januari 1971 na kuondolewa Aprili 1979; baada yake ukaja utawala wa pili wa Obote na vita vya msituni hadi Januari 1986. Katika miaka hiyo kumi na mitano Waganda walivuka kuja Kenya kwa makundi, na wengi wao walikuwa watu wa kalamu: wahitimu wa Makerere, walimu, madaktari, makarani. Kenya haikuwa na sheria maalumu ya wakimbizi. Sheria ya kwanza ya namna hiyo ilipitishwa 2006. Wala haikuwa na kambi. Kulikuwa na kamati ya serikali ya kuchunguza maombi, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kituo cha mapokezi Thika. Aliyekubaliwa alikwenda alikotaka. Hadi 1991 wakimbizi wote nchini walikadiriwa kuwa kati ya 12,000 na 15,000, wengi wao Waganda.

Wangapi kati yao walishika chaki magharibi mwa Kenya, hakuna rejista inayonishawishi. Lakini mwulize yeyote aliyesoma sekondari upande huu katika miaka hiyo. Mwalimu Mganda wa hisabati, fizikia au Kiingereza ni sehemu ya kumbukumbu ya kizazi kizima. Swali la kitaaluma ni kwa nini ilikuwa rahisi hivyo, na majibu yako katika taasisi, si katika ukarimu.

Kwanza, shule za harambee. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, shule za sekondari zilizojengwa kwa michango ya wananchi zilikuwa zimezizidi kwa idadi zile za serikali. Shule hizi hazikutegemea Tume ya Kuajiri Walimu. Kamati ya wazazi ndiyo iliyotafuta mwalimu, ikapatana naye mshahara na kumtafutia nyumba. Kamati iliyokuwa na jengo na wanafunzi lakini haina mwalimu wa sayansi haikumwuliza mhitimu wa Makerere maswali mengi. Pili, mtihani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1967, liliendelea kuzihudumia Kenya na Uganda hata baada ya Tanzania kujitoa, hadi Kenya ilipounda baraza lake mwaka 1980. Mwalimu aliyetoka Mbale akaingia Bungoma alikuta silabasi ile ile na karatasi ya mtihani ile ile. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria cheti. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimevunjika 1970, Jumuiya yenyewe ikafuata 1977, lakini mabaki yake yaliendelea kumlinda mtu ambaye serikali yake ilikuwa inamsaka. Tatu, uhuru wa kutembea: angeweza kuacha shule isiyolipa na kwenda nyingine wilaya ya jirani, na uwezo huo wa kuondoka ndio uliomlinda na mwajiri mnyonyaji.

Wengine hawakuwa walimu wa sekondari. Mshairi Okot p'Bitek, aliyefukuzwa kazi Uganda na serikali ya kwanza ya Obote, kabla hata ya Amin, aliendesha shughuli za chuo kikuu za elimu ya nje mjini Kisumu, na tamasha la sanaa la mji huo la 1968 lilitokana na juhudi zake. Yeye ni mfano wa kifahari mno kwa hoja yangu. Mwalimu wa fizikia wa shule ya harambee ananifaa zaidi, kwa sababu hakuwa na jina.

Sasa mlinganishe na mwalimu mkimbizi wa Kakuma leo. Anafundisha darasa lenye watoto wengi kuliko darasa lolote la Bungoma, analipwa posho ndogo isiyokaribia mshahara wa Mkenya wa chumba cha pili, na ujuzi wake hauwezi kuvuka Marich Pass, kwenye barabara ya kushuka Kitale. Asasi inayoanzishwa na walimu wa namna hiyo, na zipo, itatumia nguvu zake nyingi kuandika maombi ya ruzuku ya kulipana posho. Tuiongezee fedha mara kumi: posho itapanda, Marich Pass itabaki pale pale. Gazeti la KANERE, lililoanzishwa na waandishi wakimbizi Kakuma mwaka 2008, lilikuwa na waandishi, wasomaji na habari muda mrefu kabla ya kupata hadhi yoyote. Kipaji hakikuwa tatizo.

Nitajibiwa kwamba Waganda wale walikuwa tabaka la wasomi, na idadi yao ilikuwa ndogo. La idadi ni kweli: mwaka 1992 pekee wakimbizi walipita 400,000, na sasa ni zaidi ya 800,000. Lakini idadi inaeleza kwa nini serikali iliogopa. Haielezi kwa nini mtu aliyezuiwa kutembea atazalisha zaidi. Uganda ina wakimbizi wengi kuliko Kenya na inawaruhusu kutembea na kufanya kazi kwa sheria yake ya 2006. Mwaka 2008, Wakenya wapatao 12,000 walipovuka mpaka kukimbia vurugu za baada ya uchaguzi, baadhi yao kutoka huku huku kwetu, waliobaki walihamishwa kutoka Mulanda, Tororo, hadi Kiryandongo, wakapewa viwanja vya kulima. Hatukusikia mtu akisema kwanza waanzishe shirika.

Pingamizi la usomi ni zito zaidi. Mama aliyetoka Torit, Sudan Kusini, bila cheti hana wa kumwajiri kama mwalimu. Anachoweza ni kuuza, kushona, kulima shamba la kukodi, kuweka akiba na wenzake katika chama. Kwa huyo, kikundi ni cha lazima, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi au biashara peke yake au katika kikundi. Nakubali. Ila hata yeye anahitaji lori lake la kabichi lipite kwenye kizuizi cha barabarani.

Pingamizi ambalo wapinzani wangu hawalitoi, na ambalo lingeniumiza, ni hili: mafanikio ya Waganda yalikuwa ya hisani. Hayakuwa na sheria nyuma yake. Uhusiano wa Rais Moi wa Kenya na Rais Museveni wa Uganda ulipochacha, na majeshi yakarushiana risasi Busia Desemba 1987, Mganda aliyekuwa mwalimu jana aligeuka mshukiwa leo. Hakukuwa na chama cha kumsemea, wala wakili wa pamoja, wala mtu wa kumkumbusha waziri ahadi za Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Hapo ndipo ninapoiona kazi halisi ya asasi za wakimbizi. Ni Kituo cha Sheria, asasi ya Wakenya, pamoja na wakimbizi wachache walioungana nao, waliokwenda Mahakama Kuu hadi Julai 2013 agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini likafutwa. Uamuzi ule ulilinda riziki za watu wengi kuliko mafunzo yoyote ya ujasiriamali niliyowahi kuyasomea ripoti. Asasi ya wakimbizi inayofanana na chama cha wafanyakazi, inayodai, kudhamini na kushitaki, ina maana kubwa kiuchumi. Ile inayofanana na mkandarasi mdogo wa shirika la kimataifa haina maana hiyo, hata iongozwe na nani.

Mpango wa Shirika uliozinduliwa na Rais Ruto Machi 2025 unalenga kuzigeuza kambi kuwa manispaa. Ni hatua, lakini inaendelea kuwaza mkimbizi ndani ya Turkana na Garissa, katika mwaka ule ule ambao mgao wa chakula ulipunguzwa kuliko wakati wowote. Wasudan Kusini wa Kitale hawamo kwenye picha hiyo. Wengi wao hawajiiti wakimbizi; vyama vyao ni vya kanisa, vya wanafunzi, vya watu wa jimbo moja, na kwa hiyo hawamo pia katika orodha ya asasi za wakimbizi zinazotafutiwa fedha.

Sheria ya 2021 imeacha milango miwili. Mmoja unamruhusu mkimbizi kutoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha hadhi ya ukimbizi ili afaidi haki za raia wa Jumuiya. Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo 2022, kwa hiyo kwenye karatasi mlango huu ni mpana. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja inataka hati ya kusafiria au kitambulisho cha nchi yako, yaani kutoka kwa serikali ile ile uliyoikimbia, na anayeacha hadhi anaacha pia ulinzi wake. Mlango wa pili unaniridhisha zaidi: waziri anaweza, kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kuzitenga kaunti maalumu za kupokea wakimbizi. Hakuna sababu ya kiuchumi ya kuziacha Trans Nzoia na Bungoma nje. Sababu za kisiasa zipo, hasa katika kaunti zilizoona mapigano ya ardhi ya 1992 na ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, na hapo huenda nina matumaini kupita kiasi; gavana anayetaka kura hatalipigia debe jambo hili bila kuona faida.

Faida ya kuanzia ingekuwa madarasani, ambako shule za vijijini bado zinalipa walimu wa sayansi kwa fedha za bodi. Kikao cha kwanza kiwakutanishe bodi hizo, Tume ya Kuajiri Walimu, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi na vyama vya Wasudan Kusini wa Kitale. Ajenda moja inatosha: vyeti vya ualimu vya Juba, Bukavu na Bujumbura vitatambuliwa na nani, kwa utaratibu gani, na ndani ya siku ngapi.