Istilahi Moja ya Takwimu za Uponaji: Tusiwaite "Waliodhibitiwa"

Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier walitoa makala ya pamoja katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani. Asili yake yastaajabisha kidogo. Meier alishughulikia umri wa wagonjwa wa saratani. Kaplan, katika maabara za simu za Bell, alichunguza uhai wa vali, zile za redio za zamani, zilizofungwa katika nyaya za simu za chini ya bahari. Kila mmoja aliandika peke yake, kisha wakashauriwa waunganishe kazi zao. Vali ambayo bado inafanya kazi siku ya kufunga hesabu, na mgonjwa aliyehama kabla mwisho wake haujajulikana, ni tatizo moja: twajua muda ulifika wapi, hatujui uliishia wapi.

Kiingereza kimeipa hali hiyo neno lilelile la serikali inayokagua magazeti na kufuta habari. Mfasiri mwenye haraka huandika "wagonjwa waliodhibitiwa", na hapo ndipo penye hatari. Katika kliniki zetu kudhibiti kisukari ni kuiweka sukari ya damu katika kiwango kifaacho. Mganga asomaye ripoti ya vidonda vya miguu atadhani hao ndio waliofanikiwa, kumbe ndio waliopotea machoni mwa watafiti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wagonjwa 10 wana vidonda. Wiki ya 4 wawili wanapona. Wiki ya 5 watatu wanahama. Wiki ya 8 mmoja kati ya 5 waliobaki anapona. Tukigawa 3 kwa 10 twapata asilimia 30, na waliohama tumewahesabu kana kwamba hawakupona. Tukiwafuta, 3 kwa 7 ni karibu asilimia 43, na zile wiki 5 walizokaa na vidonda tumezitupa. Njia ya Kaplan na Meier huzidisha 8 kwa 10 na 4 kwa 5: wasiopona ni asilimia 64, waliopona 36. Sharti lake ni kwamba waliohama wasiwe na hali tofauti na waliobaki. Mwaka 1972 David Cox aliongeza kielelezo kinachopima jinsi umri, sukari au mzunguko wa damu unavyobadili kasi ya kupona.

Je, tuseme "waliokatwa"? Hata kidogo! Mwenye kisukari aliyekatwa ni aliyepoteza mguu, na huyo hafai kuchanganywa na aliyehama, kwa kuwa kidonda chake hakitapona tena kamwe. Hilo ni tukio jingine, nalo lastahili safu yake katika jedwali.

Sisi twapendelea "muda usiokamilika". Ni refu, na walimu watanung'unika; lakini sifa inashikamana na muda, si na mgonjwa. Katika jedwali uandikwe 5+, kama watakwimu waandikavyo, na usomwe "wiki 5 na zaidi".