Taamuli ya uzingativu katika kuacha sigara

Taamuli ya uzingativu katika kuacha sigara ni matumizi ya mazoezi ya kuelekeza akili kwenye mambo ya sasa hivi, bila kuyahukumu, kwa lengo la kumsaidia mvutaji aachane na tumbaku. Inatofautiana na njia nyingine nyingi kwa jambo moja kubwa: haimtaki mvutaji apigane na kiu ya sigara wala ajisahaulishe, bali aitazame kiu yenyewe inavyoanza, inavyopanda na inavyopungua.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo wasiovuta ambao hupumua moshi wa wengine. Wavutaji wengi wangependa kuacha, na wengi wamekwisha kujaribu zaidi ya mara moja. Kutupa pakiti ni rahisi. Kazi huanza katika siku na wiki zinazofuata.

Asili

Uzingativu ni sehemu ya mafundisho ya kale ya Ubuddha, ambako huitwa "sati" kwa lugha ya Kipali. Uliingia hospitalini mwaka 1979, wakati Jon Kabat-Zinn alipoanzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Mafunzo hayo yaliacha kando upande wa dini, ndiyo maana huweza kufuatwa na mtu wa imani yoyote.

Kuhusu uraibu, jina la kukumbukwa ni la mwanasaikolojia Alan Marlatt (1941-2011) wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Alichunguza kwa miaka mingi kwa nini watu walioacha pombe au dawa za kulevya hurudia, akafundisha mbinu ya kuipanda hamu kama mtu anayeteleza juu ya wimbi la bahari kwa ubao: wimbi halizuiliwi kwa mikono, lakini likishafika kileleni hushuka lenyewe.

Kiu ya sigara

Nikotini inayovutwa kwa moshi hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, ikachochea kutolewa kwa dopamini, kemikali inayohusika na hisia ya kuridhika. Ubongo hujifunza haraka kuunganisha mambo matatu: kichocheo, tendo na malipo. Mtu akinywa chai ya asubuhi, anavuta, anajisikia vizuri. Baada ya muda chai peke yake inatosha kumkumbusha sigara. Ndivyo ilivyo pia kwa foleni ya magari, ugomvi wa nyumbani au kukaa na rafiki anayevuta.

Nikotini inapopungua mwilini, mvutaji hupata hasira za haraka, wasiwasi, usingizi mbaya na kushindwa kutulia, yaani hali ambayo mitaani huitwa arosto. Akivuta, hali hiyo hutulia, naye huamini kwamba sigara inamwondolea msongo. Kwa kweli, sehemu kubwa ya msongo unaoondolewa na sigara hii uliletwa na ile iliyotangulia.

Taamuli hulenga kukata kiungo kati ya hamu na tendo. Hamu inaweza kuja. Mkono si lazima uende mfukoni.

Namna ya mafunzo

Mafunzo hufanyika kwa kawaida katika kikundi chini ya mwalimu, kwa wiki kadhaa, pamoja na mazoezi ya nyumbani. Zoezi la msingi ni kukaa kimya na kufuatilia pumzi. Akili ikitangatanga, mtu huirudisha taratibu bila kujilaumu. Kurudisha huko ndiko zoezi lenyewe, hivyo anayedhani ameshindwa kwa sababu mawazo yamemjia hajashindwa. Zoezi jingine ni kupitisha uangalifu katika mwili wote, kiungo kwa kiungo.

Kiu inapofika, mvutaji hufundishwa kwanza kuitambua na kukubali kwamba ipo. Kisha huichunguza mwilini: je, ni kubanwa kwa kifua, kukauka kwa koo, joto au mikono kukosa utulivu? Anataja moyoni kila anachokihisi, akifuatilia mabadiliko yake mpaka yapite. Mara nyingi huwa ni dakika chache tu, ingawa kwa anayeacha sigara dakika hizo huonekana ndefu.

Kabla ya siku ya kuacha, baadhi ya walimu humruhusu mwanafunzi avute, lakini avute kwa uangalifu wote: asikie harufu, ladha na moto wa moshi kooni. Watu waliovuta kwa miaka mingi bila kufikiri hushangaa kugundua kwamba ladha hiyo hawaipendi.

Utafiti

Jaribio linalotajwa zaidi liliongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Judson Brewer katika Chuo Kikuu cha Yale, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2011. Wavutaji 88, waliokuwa wakivuta kwa wastani sigara 20 kwa siku, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata mafunzo ya uzingativu, jingine mpango wa kawaida wa Chama cha Mapafu cha Marekani, yote mawili mara mbili kwa wiki kwa wiki 4. Katika wiki ya 17 tangu kuanza, asilimia 31 ya kundi la kwanza walikuwa hawavuti, dhidi ya asilimia 6 ya kundi la pili. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha jambo la kuvutia: mafunzo yalipoisha, walioacha walikuwa bado na kiu sawa na walioendelea kuvuta. Kiu yao ilipungua baadaye.

Mwaka 2013 Yi-Yuan Tang na wenzake walieleza kwamba wanafunzi wavutaji waliofanya taamuli kwa jumla ya saa 5 katika wiki 2 walipunguza uvutaji kwa takriban asilimia 60, na wale waliofundishwa kulegeza misuli tu hawakupunguza. Washiriki hao walikuwa wamejiunga ili kupunguza msongo, si kuacha sigara, na baadhi yao hawakujua kwamba wamepunguza hadi pumzi yao ilipopimwa.

Matokeo hayo yalileta matumaini makubwa, pengine kupita kiasi, kwa kuwa vikundi vilivyochunguzwa vilikuwa vidogo. Mafunzo ya Brewer yalipogeuzwa kuwa programu ya simu na kujaribiwa kwa watu wengi zaidi, ripoti ya mwaka 2020 haikuonyesha tofauti ya idadi ya walioacha baada ya miezi 6. Mwaka 2022 mapitio ya shirika la Cochrane yalikusanya tafiti 21 zenye washiriki 8,186, yakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa wazi kuwa mbinu za uzingativu huwasaidia watu kuacha sigara kuliko njia nyingine, wala kuliko kutopata msaada wowote. Waandishi waliongeza kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu, hivyo utafiti zaidi unaweza kubadilisha jibu hilo.

Pamoja na tiba nyingine

Kwa sababu hiyo taamuli haichukui nafasi ya tiba zilizothibitishwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 kuhusu kuacha tumbaku unapendekeza ushauri nasaha pamoja na dawa, zikiwemo bidhaa za nikotini kama plasta na chingamu, vareniklini, bupropioni na sitisini. Taamuli inaweza kufanywa sambamba na dawa hizo. Haina gharama baada ya kufundishwa, na hufanyika popote, hata kwenye kiti cha daladala. Watu wachache, hasa waliopitia mambo ya kutisha, huzidiwa na wasiwasi wanapokaa kimya na mawazo yao. Hao hushauriwa wawe na mtaalamu karibu.

Majaribio yaliyotajwa hapo juu yalifanyika Marekani kwa wavutaji wa sigara. Matokeo yake hayawezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ndivyo itakavyokuwa kwa watumiaji wa shisha, ugoro au tumbaku ya kutafuna.